Waulize Wajuzi: Vipepeo na Nondo wa Omani, na Namna ya Kuwahesabu

Mwezi huu tumechagua barua zinazohusu jambo moja: kuhesabu vipepeo na nondo katika nchi kavu. Nyingi zimetoka Omani, moja imetoka Kenya. Majina ya Kilatini tumeyaacha yalivyo kwa sababu aina nyingi hazina jina la Kiswahili, na kubuni jina kungempoteza msomaji anayetaka kutafuta zaidi.

Salaam aleikum. Nakaa Al Amarat, nyuma tu ya Maskati. Mwezi wa Julai nilizunguka wadi tatu (mabonde ya mito mikavu) kwa siku nane, wavu mkononi, nikaona vipepeo wanne. Je, jangwani kuna vipepeo wa kutosha kuhesabiwa, au najichosha bure? (S.A., Al Amarat)

Wa aleikum salaam. Wapo, ila umekwenda sokoni usiku. Kaskazini mwa Omani mvua ya kutegemewa kidogo hunyesha kati ya Desemba na Machi, na milima ya Hajar hupata pia ngurumo za kiangazi zinazolowesha bonde moja na kuliacha la pili kavu. Kipepeo wa jangwani hafuati kalenda, anafuata jani changa. Kwa hiyo usipange safari kwa mwezi, ipange kwa mvua: ikinyesha ya kutosha maji kutembea wadini, andika tarehe, kisha rudi mara mbili.

Mara ya kwanza ni baada ya wiki mbili hadi tatu. Utakaowakuta ni wale waliokuwa wakisubiri ndani ya pupa (ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo), pamoja na wageni waliofuata majani, kama Vanessa cardui na Belenois aurota, ambao husafiri masafa marefu. Mara ya pili ni wiki ya tano au ya sita. Hesabu yake ni hii: yai siku tatu hadi tano, kiwavi kama wiki mbili, pupa wiki moja au zaidi kidogo. Hao wa mara ya pili ni watoto waliozaliwa bondeni penyewe, na ndio wanaokuonyesha kwamba aina fulani inazaliana pale, haipiti tu. Ukienda mara moja utakosa jibu la swali hilo.

Dhofar, kusini mwa Omani, ni kama nchi nyingine kabisa. Kule mvua huletwa na khareef, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, nayo si ngeni kwa msomaji wa pwani: ni kusi ile ile ya Mombasa na Unguja, iliyovuka ikweta na kupinda kuelekea Bara Arabu. Wakati wa manyunyu yenyewe jua halionekani na vipepeo wamejibana majanini. Nenda mwishoni mwa Septemba na Oktoba, ukungu ukishapanda na milima ingali kijani.

Usiitupe ile karatasi ya Julai. Vipepeo wanne kwa siku nane ni takwimu halali kama uliandika saa ulizotembea na umbali. Kama hukuandika, basi ni hadithi. Na ukitaka kuwaona vipepeo hata kiangazi, acha wadi kavu, ingia kwenye mashamba yanayomwagiliwa kwa falaj (mifereji ya jadi ya Omani): Papilio demoleus kwenye mindimu, Danaus chrysippus kando ya mifereji, na Zizeeria karsandra, kidogo cha buluu, chini kabisa kwenye nyasi.

Mimi ni mwalimu wa sayansi Sur. Nina wanafunzi 20 na nataka tuwe na njia moja ya kuhesabia mwaka mzima. Tuanzeje? (Mwalimu, Sur)

Mwalimu, tumia njia ya kutembea mstari uliopimwa. Ilitengenezwa Uingereza na Ernest Pollard, na mpango wa taifa kule umeitumia tangu 1976. Kanuni zake ni chache: chagua njia ya kilomita moja, igawe vipande kulingana na mandhari (sakafu ya wadi, kando ya shamba, mteremko wa mawe), tembea kwa mwendo wa taratibu usiobadilika, na uhesabu kila kipepeo aliye ndani ya sanduku la kufikirika: mita 2.5 kushoto, mita 2.5 kulia, mita 5 mbele, mita 5 juu. Aliye nyuma yako hahesabiwi hata akiwa mzuri namna gani. Ukisimama kumnasa mmoja ili umtambue, hesabu imesimama nawe. Endelea pale pale ulipoishia.

Kanuni za Uingereza za joto hazifai Sur. Wao wanaogopa baridi, sisi tunaogopa mchana. Kuanzia Novemba hadi Machi tembeeni kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana. Aprili, Mei, Septemba na Oktoba iwe kati ya saa moja na saa nne na nusu asubuhi. Katikati ya kiangazi anzeni saa kumi na mbili, na mmalize kabla ya saa tatu. Jua likishapanda, vipepeo wadogo hukimbilia kivuli cha mgunga na kutulia wamefunga mbawa, na mtembeaji huandika kwamba hawapo. Pimeni joto kivulini, kimo cha mita moja, mwanzoni na mwishoni. Upepo ukitikisa matawi mazima, si majani tu, ahirisheni. Pwani ya Sur upepo wa bahari huamka kadiri siku inavyopanda, hiyo nayo ni sababu ya kutoka mapema.

Sasa hao 20. Msiende pamoja. Watu 20 wakipita mstari mmoja wanawarusha vipepeo mbele yao, na kipepeo mmoja anahesabiwa mara nne. Wagawe kwa watatu watatu: mmoja anahesabu, mmoja anaandika, mmoja anashika wavu na kipimajoto. Kila kundi na njia yake, na njia zisikaribiane kwa chini ya mita 200. Anayehesabu asibadilishwe kila wiki, kwa kuwa macho ya watoto hayalingani, na tofauti ya macho itaonekana kwenye jedwali kama tofauti ya vipepeo.

Kwenye fomu kila safari iwe na: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, joto, upepo, wingu kwa asilimia, jina la aliyehesabu, na tarehe ya mvua ya mwisho. Hiyo ya mwisho haimo kwenye fomu za Ulaya. Kwenu ndiyo safu muhimu kuliko zote. Na sifuri iandikwe. Sanduku likiachwa tupu, mtu wa miaka kumi ijayo hatajua kama hamkuona au hamkwenda.

Kuna kosa moja wanafunzi wenu watalifanya, afadhali mlijue mapema. Jike la Hypolimnas misippus humwiga Danaus chrysippus, rangi ya chungwa na ncha nyeusi zenye madoa meupe. Watazameni bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa, Hypolimnas ana doa moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Dume la Hypolimnas halina shida, ni jeusi lenye mabaka meupe ya mviringo.

Nizwa hapa. Nimeunda mtego wa taa kwa ndoo na mrija wa wati 6 wa mwanga wa urujuanimno (UV). Usiku wa kwanza nondo 11, wa pili 3, wa tatu betri ilizimika saa nane usiku. Nimekosea wapi? (K.H., Nizwa)

Umekosea mahali pengi kidogo kidogo, kama kawaida ya mitego ya taa.

Betri kwanza, maana hiyo ni hesabu tu. Mrija wa wati 6 pamoja na kifaa chake cha kuwashia unavuta kama ampea 0.6 kwa volti 12. Saa kumi za giza ni ampea-saa 6. Ukitumia betri ya asidi ya ampea-saa 7, kwa karatasi inatosha, lakini betri ya asidi ikimalizwa zaidi ya nusu kila usiku inakufa baada ya wiki chache. Kwa hiyo nunua ya 12 au zaidi. Ya lithiamu chuma fosfati unaweza kuila hadi asilimia 80 bila kuiumiza, hivyo ya 8 inatosha, na ni nyepesi kubeba mlimani. Yoyote utakayoichagua, usiiache ndani ya gari lililofungwa mchana. Joto la gari Omani linaua betri haraka kuliko taa.

Pili, mwezi. Hukututajia ulikuwa mwezi wa ngapi angani, na hilo peke yake linaweza kueleza 11 na 3. Mwezi mpevu unapowaka juu ya mawe meupe ya wadi, taa yako ya wati 6 ni kama kibatari mchana. Panga usiku wa kazi ndani ya siku tano kabla au baada ya mwezi kuandama. Kama ni lazima ufanye kazi wakati wa mwangaza, weka mtego upande wa mlima unaoficha mwezi, na uandike hivyo.

Tatu, mahali. Watu hudhani taa ikiwekwa juu ya kilima itaita nondo wa bonde zima. Haiti. Kwa nondo walio wengi taa ndogo inafanya kazi ndani ya mita chache, makumi kwa wingi wake. Utafiti wa kamera za kasi uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba mdudu anayeruka hugeuza mgongo wake kuelekea mwanga, kwa kuwa kwa kawaida mwanga ndio juu. Akipita karibu na taa anajikuta akiizunguka asiweze kutoka. Kwa hiyo taa inamnasa apitaye, haimwiti aliye mbali. Iweke ndani ya mimea: mita mbili tatu kutoka kwenye mgunga uliochanua, au chini ya mkunazi, au kwenye kingo za wadi penye Nerium oleander (Daphnis nerii, nondo mkubwa wa kijani, hapo ndipo kwao). Mitego miwili iwe na mita 100 au zaidi kati yake, na isionane.

Nne, ndoo yenyewe. Tundu la faneli (koni inayomwingiza nondo ndooni) liwe la sentimita 4 hadi 5. Likiwa pana nondo wanatoka, likiwa jembamba wale wakubwa kama Agrius convolvuli wanabaki nje wakipiga kelele. Jaza ndoo kwa vipande vya trei za mayai, vimesimama wima, ili nondo atulie kwenye kishimo na asipigane na wenzake. Hakikisha faneli haina ukingo wa kushikilia. Ukiwa na kwaruzo, lipitishie msasa laini.

Halafu kuna wezi. Sisimizi wa jangwani wataijua ndoo yako usiku wa kwanza, na wa pili watakuja ukoo mzima. Yumkini ndio waliokuachia nondo watatu. Weka ndoo juu ya matofali yaliyokaa kwenye visahani vya maji, au uipake mafuta mazito ya mgando mzunguko mzima, upana wa vidole viwili. Mjusi kafiri naye huketi juu ya kifuniko akila mmoja mmoja. Ukikuta mbawa bila miili, ni yeye au popo.

Saa ya kuondoa ndoo ni kabla ya jua kuchomoza. Jua likiipiga ndoo nyeusi kwa nusu saa, nondo wote wanakufa na kusuguana hadi vigamba vinatoka, na nondo asiye na vigamba hatambuliki. Ukishawaandika na kuwapiga picha, waachilie kwenye kichaka kizito mbali kidogo na mahali pa mtego, la sivyo ndege watakungoja hapo kila asubuhi.

Kama unataka aina nyingi kwa usiku mmoja kuliko hesabu sawasawa ya usiku mwingi, tumia shuka jeupe la mita 1.5 kwa 2 na taa kubwa ya zebaki ya wati 125. Hiyo inataka choki yake (kifaa cha kudhibiti umeme wa taa), jenereta ndogo, kebo ya mita 25 ili moshi na kelele vikae mbali, na miwani ya kuzuia urujuanimno, maana taa hiyo inaunguza macho. Tone la maji likiiangukia ikiwa ya moto inapasuka. Dhofar wakati wa khareef usiiwashe bila kifuniko cha kioo kinachohimili joto. Matokeo ya shuka na matokeo ya ndoo yasichanganywe kwenye jedwali moja. Ni kama kujumlisha pishi na kilo.

Usalama tunautaja kwa ufupi kwa kuwa wenyeji mnaujua: usitege sakafuni mwa wadi penye wingu milimani hata likiwa mbali, viatu vya kufunika vidole, na tochi ya urujuanimno chini kabla ya kupiga magoti, kwa sababu nge hung'aa kijani chini ya mwanga huo. Karibu na kijiji, mwone sheikh kwanza. Taa ya zambarau bondeni saa sita usiku huleta maswali, na wakati mwingine huleta polisi.

Vile vidogo vya buluu vyote vinafanana. Nina picha 60 za simu, siwezi kutaja hata kimoja. (Binti wa Ibra)

Bila shaka umepiga mbawa zikiwa wazi, upande wa juu. Upande wa juu ni buluu kwa wote. Maandishi yako upande wa chini, kipepeo akiwa amefunga mbawa. Piga simu ikiwa sambamba na bawa, na uandike amekaa juu ya mti gani, kwa kuwa mti unakupa nusu ya jibu.

Lampides boeticus ana mkia mwembamba na ukanda mweupe upande wa chini wa bawa la nyuma. Mtafute kwenye jamii ya kunde. Freyeria trochylus ni mdogo kuliko wote, bawa hadi bawa hafikishi sentimita 2, na ukingo wa bawa lake la nyuma una madoa meusi yanayong'aa ndani ya rangi ya chungwa. Azanus huzunguka maua ya mgunga. Wale wenye mistari na nukta nyeusi juu ya weupe, wanaoruka kuzunguka mkunazi, ni Tarucus, na hapo simama. Omani ina zaidi ya aina moja ya Tarucus, na kwa wengi wao jibu la uhakika hupatikana kwa kufungua viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini. Andika "Tarucus" tu kwenye fomu. Jina pungufu lililo sahihi lina thamani. Jina kamili la kubahatisha linaharibu kazi ya wenzako, na likishaingia kwenye hifadhidata kulitoa ni shida.

Mti gani nianze nao? Sina muda wa kuzunguka nchi nzima. (M.R., Barka)

Mswaki, Salvadora persica. Colotis phisadia na Colotis amata wanautegemea, na unakua uwanda wa pwani ulipo. Baada ya huo tafuta Maerua na Capparis kwa ajili ya Colotis fausta na Belenois aurota, kisha mgunga, mkunazi, na Calotropis procera yenye utomvu mweupe, ambayo ni jiko la viwavi wa Danaus. Geuza majani, tafuta mayai na viwavi. Nusu saa ya kugeuza majani, hasa siku yenye upepo, hushinda saa mbili za kukimbia na wavu.

Makomamanga yetu ya Jabal Akhdar yana matundu. Mzee wangu anasema ni kipepeo, mimi nasema ni inzi. Nani kweli? (Kijana wa Sayq)

Mzee. Kwa kiasi kikubwa huyo ni Deudorix livia, kipepeo mdogo anayetaga yai moja moja juu ya tunda, mara nyingi kwenye taji lake. Kiwavi hutoboa na kula mbegu ndani, ukungu huingia kwa tundu hilo hilo, na tunda huoza. Lakini msikate kesi bila ushahidi, kwa sababu yupo pia nondo, Ectomyelois ceratoniae, ambaye kiwavi wake huingia kupitia taji na hupenda tunda lililokwisha kupasuka. Chukueni matunda kumi yenye viwavi, yawekeni kwenye chupa pana lililofunikwa kitambaa cha chandarua, chini kukiwa na mchanga mkavu wa sentimita 2. Atakayetoka ndiye mwenye kosa.

Kupima hasara: miti 10 iliyotawanyika shambani, matunda 10 kila mti, nusu ya juu na nusu ya chini. Kati ya matunda 100 hesabuni yenye yai na yenye tundu, kila wiki tangu matunda yalingane na limau dogo. Yai likionekana kabla ya matundu kuanza, huo ndio wakati wa kufunga matunda kwa mifuko ya karatasi au kitambaa. Mkifunga baadaye mnamfungia kiwavi ndani na chakula chake. Yaliyoanguka yasilale chini hata siku moja. Na tazameni maganda ya migunga ya jirani, maana Deudorix hula humo pia, na mwakani hurudi kutoka huko.

Naweza kumtumia ndugu yangu Mombasa vipepeo waliokaushwa ili awapeleke Nairobi kutambuliwa? (F.S., Maskati)

Bila kibali, hapana, hata bahasha moja. Omani kazi ya kukusanya viumbe pori inaanzia kwa Mamlaka ya Mazingira, na ndani ya hifadhi hata kutega taa kunahitaji ruhusa. Kenya nayo ina taratibu zake za kuingiza. Anza na jumba la makumbusho ya viumbe lililopo Maskati, ulinganishe na mikusanyo iliyopo. Picha nzuri hazihitaji kibali kuvuka bahari, nazo zinatosha kwa wakubwa walio wengi.

Nimewakausha nondo Bahla, wamevunjika papasi (zile pembe za kichwani) na miguu. Nilipowahamishia Maskati wakaota ukungu. Nifanyeje? (Msomaji)

Kwa kweli hilo ndilo tatizo la Omani kwa ufupi: bara hewa inakausha mdudu ndani ya saa chache, pwani hewa ya kiangazi inamlowesha tena.

Bara, usimwache nondo hadi kesho. Mnyooshe mbawa usiku ule ule, au mweke kwenye bahasha ya karatasi laini ya pembe tatu ndani ya kopo la plastiki lenye kitambaa chenye unyevu kidogo tu, kisha kwenye friji. Aliyekwisha kukauka hulainishwa: kopo lenye kifuniko, mchanga uliolowa chini, waya wa chandarua juu yake ili mdudu asiguse maji, punje chache za thaimoli kuzuia ukungu. Wadogo saa 24, wakubwa 48. Jaribu kwa kugusa papasi na sindano. Ikipinda yuko tayari, ikikataa mrudishe.

Pwani, sanduku lifungwe kwa mpira na liwe na silika jeli (punje za kunyonya unyevu) inayobadili rangi. Kila sanduku jipya lipite kwenye jokofu la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja, likiwa ndani ya mfuko wa plastiki, ili kuua fukusi wanaokula mikusanyo. Likitoka, mfuko usifunguliwe hadi joto lilingane na la chumbani, vinginevyo umande utaganda juu ya mbawa. Ukitaka aje apimwe DNA siku moja, ng'oa mguu mmoja siku ile ile aliyokufa, utie kwenye kichupa cha ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, namba ileile kwenye kichupa na kwenye pini. Lebo iwe na latitudo na longitudo kwa desimali, mwinuko, tarehe, njia (taa, wavu, kiwavi) na jina lako. Andika kwa penseli au wino usioyeyuka. Kalamu ya kawaida hufutika ndani ya ethanoli.

Niko Marsabit, karibu na Chalbi. Haya yote ya Omani yananihusu? (Msomaji, Marsabit)

Karibu yote. Belenois aurota, Danaus, Colotis kadhaa na Hippotion celerio hawajui mpaka. Tofauti ni kwamba wewe una misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo ratiba ya wiki ya tatu na ya sita inafanyika mara mbili kwa mwaka. Ukiona vipepeo weupe wakipita kwa maelfu upande mmoja, usihangaike kuwanasa. Simama, chagua pengo la mita 10 kati ya alama mbili, hesabu wanaolivuka kwa dakika 5, andika uelekeo kwa dira, pumzika dakika 10, rudia. Kibali cha utafiti ombeni NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya.

Tumetega nondo usiku 18 bonde moja tukapata aina 41. Tumemaliza? (Kikundi cha vijana, Rustaq)

Tazameni aina mlizomwona nondo mmoja tu. Mtakwimu Anne Chao alitoa njia rahisi mwaka 1984: chukua idadi ya aina zilizoonekana mara moja, izidishe kwa yenyewe, igawe kwa mara mbili ya idadi ya aina zilizoonekana mara mbili, kisha ujumlishe kwenye mlizonazo. Tuseme kati ya 41 zenu, 14 zina nondo mmoja mmoja na 7 zina wawili wawili. 14 mara 14 ni 196. Gawa kwa 14, ni 14. Kwa hiyo bonde lina aina zisizopungua kama 55, na ninyi mmeona robo tatu.

Lakini hesabu hiyo inajua tu majira mliyotega. Usiku 18 mfululizo wa Februari utatoa makadirio mazuri ya Februari. Ongezeni usiku 6 wiki ya tatu baada ya mvua inayofuata na 6 mwezi wa Oktoba, taa ile ile, mahali pale pale, kisha mpige hesabu upya. Ikiwa idadi ya wale wa mara moja imeshuka na jumla haikupanda sana, hamishieni mtego bonde la pili.